Kilimia cha Ngollo

Pale Kigwa, enzi za Mwingereza, hakuna aliyethubutu kutia mbegu ardhini kabla Ngollo hajapiga baragumu. Macho kila mtu alikuwa nayo, lakini kukitangaza Kilimia ilikuwa kazi ya ukoo wake: jua likizama, kile kifungu cha nyota kikichomoza mashariki, Ngollo husimama mbele ya watu, akakionyesha, kisha akapiga. Kwa hiyo kila nyumba ilimpelekea mtama wake wa kwanza.

Kumbe Ngollo mwenyewe haoni! Watu aliwaona kama vivuli. Nyota, hakuona hata moja. Aliyejua ni mkewe Eustadia tu. Miaka nenda rudi alisimama ubavuni pake akimnong'oneza, "Juu ya ule mninga, Baba Modest," mzee ananyoosha kidole, watu wanashangilia.

Mwaka ule mzee akaoa binti mbichi, Sikuzani. Eustadia akaambiwa ahamie banda la mbuzi.

"Umechakaa, Mama Modest," Ngollo alisema mbele ya majirani. "Hata mbuzi watakuchoka."

Majirani wakacheka mpaka machozi. Eustadia akakunja mkeka wake akaenda, roho inamuuma, wala hakulia. Mimi simlaumu kwa yaliyofuata. Mwenye kumlaumu akalale yeye na mbuzi.

Jioni ya kungoja Kilimia, wingu zito lilifunika mashariki yote. Nyota haikuonekana hata ya dawa. Eustadia aliitwa kutoka bandani, akasimama ubavuni pa mzee kama kila mwaka.

"Kimetoka?" Ngollo akanong'ona.

"Kimetoka, Baba Modest. Nyota zake leo kubwa, sijapata kuona."

Mzee akavimba kichwa. "Tazameni!" akapaza sauti, kidole kwenye wingu. "Nyota changa, kubwa, zinawaka mpaka zinaumiza macho!" Akapiga baragumu kwa nguvu zake zote.

Watu wakatazamana. Lukumani, jumbe wa kijiji, akasogea mbele, mikono nyuma.

"Mzee, nimeinua vidole vingapi?"

Ngollo akamtegea mkewe sikio.

"Vitatu," akanong'ona Eustadia.

"Vitatu!" akajibu mzee, kifua mbele.

Lo! Uwanja ulilipuka kwa kicheko, na Sikuzani alicheka kuliko wote. Lukumani akamvua baragumu shingoni, akaondoka nalo, na watu wakamfuata.

Hapo ndipo Ngollo alipoelewa. Akaanza kupapasa hewa kwa mikono miwili. "Mama Modest? Mama Modest, uko wapi? Nipeleke nyumbani."

Eustadia alikuwa hatua moja tu kutoka kwake. Akabana pumzi, asije akamsikia.