Kiboksi cha Pini

Bi Pini hajawahi kuwa na kimto cha kuchomekea pini. Miaka ishirini na mbili anashona magauni ya harusi, pini zinakaa mdomoni, sita sita, na umbea anapiga hivyo hivyo. Mdomo nao ukalipiza: ukajikunja pembeni kama mfuko uliokazwa kamba. Maharusi wakijipiga picha kwenye kioo chake, yeye nyuma kule kama mtu anayepuliza moto.

Akachoka. Jumanne akaenda kwa msusi mmoja anayechoma filla, ile jeli ya kujaza midomo, chumba cha nyuma cha saluni.

"Ukitoka hapa dada, hata mumeo atajitambulisha upya!"

Alhamisi asubuhi amepiga magoti, barakoa kaishusha kidevuni, anapandisha pindo la bibi harusi. Wifi yake, anayeshona naye, akapiga ukelele.

"Wifi! Damu!"

Tone jekundu kwenye gauni jeupe. Pini ilikuwa imemchoma mdomo wa juu, na mwenyewe hajasikia kitu.

"Siku mbili unaniambia una mafua. Hebu geuka."

Upande mmoja umepauka kama majivu, na michirizi ya zambarau imepanda kuelekea puani. Wifi akaubonyeza. Rangi haikurudi.

"Nilikuwa na utani wangu mzuri wa midomo ya bata hapa," akasema polepole. "Umenitoka wote."

"Ngoja nimalize pindo."

"Dada, gauni litafuliwa," bibi harusi akasema. "Mdomo je?"

Hospitalini daktari, binti mwenye macho ya kukesha, hakuzunguka.

"Jeli imeziba mshipa. Ngozi haipati damu, na tukichelewa inakufa. Ulichomwa filla gani?"

"Kwani zina majina?"

"Zipo zinazoyeyuka kwa sindano, zipo zisizosikia dawa. Nahitaji kujua."

Wakampigia msusi. "Ni vitamini tu hizo, dada, kunywa maji mengi." Simu ikakatwa, na haikupatikana tena.

Bi Pini akaegemeza kichwa ukutani. Hakulia. Hata kulia kunataka nguvu, na zake zilishaishia kwenye mapindo ya watu.

Wifi akamkazia macho. "Subiri kwanza. Wewe unaweza kutoka mahali bila kuokota kikopo?"

Bi Pini akafungua mkoba kwa aibu, akatoa kiboksi cheupe kilichojaa pini.

"Kilikuwa kwenye pipa lao. Kina mfuniko mzuri, jamani."

Daktari akasoma maandishi ya ubavuni mara mbili, akashusha pumzi. "Hii inayeyuka."

Akachomwa sindano, akasubiri, akachomwa tena. Hadi alasiri rangi ilikuwa inarudi kidogo kidogo, kama mgeni asiye na uhakika na mlango. Kovu linaweza kubaki, daktari akasema, na kesho arudi. Ila mdomo umenusurika. Na mikunjo yote ipo, haijapungua hata mmoja.

"Karibu tena, mfuko wangu," Wifi akasema, macho yamemlowa.

"Nirudishieni kiboksi changu."

"Kinabaki kwenye faili lako, mama," daktari akajibu, akamimina pini kwenye kiganja cha mgonjwa.

Bi Pini akazitazama, hoi kabisa. Mkono ukajiendea wenyewe kuelekea mdomoni.

"WEEE!" wakafoka wote wawili.