Gia ya Kupandia Msunga

Vijana wa Mazwi, hapa Sumbawanga mjini, hupita mbele ya nyumba yangu na pikipiki zao, vumbi linaingia mpaka kwenye sufuria, na mimi nimeshachoka kuwasema. Lakini ikipita baiskeli ya zamani, ile nyeusi ndefu yenye kishikio kidogo cha gia kwenye usukani, naacha ninachofanya natega sikio. Mke wangu husema nakumbuka ujana. Ujana nilishausahau. Namkumbuka Mzee Eustace, na aibu niliyoipata kwa ajili yake mwaka 1976.

Nilikuwa bwana shamba. Mnyakyusa wa Tukuyu, miaka ishirini na sita, nimetoka chuoni na suruali ya kupiga pasi na majibu ya kila swali. Nilipangiwa kijiji kipya cha ujamaa upande wa Laela. Kijiji kilikuwa na miaka miwili tu tangu operesheni ya kuhamishia watu vijijini: nyumba zimepangwa mistari miwili, barabara katikati, na bomba moja lililotoa maji siku lilipopenda. Watu walikuwa wametolewa huku na huku, kila mmoja alikokuwa ameachiwa shamba na baba yake. Mzee Eustace alitolewa Msunga, juu kabisa ya kilima, saa mbili kwa miguu. Kwa miguu mizuri, maana wa kwake mmoja ulishaangukiwa na boriti siku walipokuwa wanaezeka kanisa la misheni, tangu hapo akawa anachechemea.

Alikuwa mwashi wa misheni ujana wake wote. Padre aliyefanya naye kazi alipokuwa anarudi kwao Ulaya alimwachia baiskeli yake ya gia tatu. Wilaya nzima sijui kama zilikuwepo tano. Gia zake hazikuonekana, zilikuwa zimejificha ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, na waya mwembamba ulitoka kwenye usukani, ukafuata bomba la juu, ukazunguka kigurudumu kidogo chini ya siti, ukashuka mpaka kwenye kijinyororo kilichoingia katikati ya ekseli. Mzee alizipa majina yake: ya kupandia, ya kawaida, ya kushukia. Kwa ile ya kupandia, mtu wa miaka sitini na tano mwenye mguu mbovu alifika Msunga kila siku ya Mungu bila kuteremka njiani.

Kule juu alikuwa na mambo mawili. Moja ni shamba la ulezi alilolima kwa ntumba, yale matuta ya duara ambayo Wafipa hufukia majani ndani yake yakaoza yakawa mbolea. La pili ni kaburi la mkewe, Kalista, aliyefariki mwaka mmoja kabla ya watu kuhamishwa. Alikuwa akifika, anakaa pale kwanza, kisha ndipo anashika jembe.

Mimi kazi yangu ilikuwa kumwambia aache. Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Polikarp, hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa anaogopa wakubwa. Alinivuta pembeni mara nyingi. "Bwana Shamba, mzee huyu akienda leo, kesho watakwenda kumi, na kijiji kimekwisha. Zungumza naye." Nikazungumza. Nilimweleza Mzee Eustace habari za matuta marefu ya kisasa na shamba la pamoja, nikachora mpaka na picha ardhini. Alinisikiliza kwa adabu, akapanda baiskeli yake, akaenda zake Msunga. Tik-tik-tik, kitovu kikiimba, mpaka chini ya kilima.

Jumapili moja ya mwezi wa tano nilimkuta nje ya kanisa, tairi ya nyuma imekaa chini. Ulezi ulikuwa umeanza kuiva, na ndege wa Ufipa hawajui Jumapili. Nikamwambia, "Shikamoo, Mzee. Niachie mimi, jioni unaichukua."

"Marahaba. Unaiweza hii?"

"Mzee, baiskeli ni baiskeli."

Naikumbuka sentensi ile na masikio yanaungua mpaka leo.

Niliigeuza matairi juu, nikafungua kijinyororo, nikatoa nati na washa zake mbili zenye jino, nikaziba pancha kwa kiraka nilichokuwa nimekificha miezi sita. Nikarudisha kila kitu mahali pake. Kisha, kwa kuwa nilimpenda yule mzee ingawa nilikuwa namkera, nikaona nimwongezee na wema. Siku zote jembe lake alilibeba begani huku akiendesha. Nikalifunga kwenye bomba la juu kwa vipande vya mpira, likakaa kama limezaliwa pale. Nikajisifu peke yangu.

Jumatatu asubuhi aliletwa na watu. Alikuwa amefika kilimani, akavuta gia ya kupandia, baiskeli ikabaki nzito vilevile. Akasimama juu ya pedeli kwa nguvu zake zote, pedeli zikakubali ghafla, zikazunguka bure, naye akaanguka na kidevu juu ya usukani. Damu ilikuwa kwenye shati. Hakunitukana. Aliiegemeza baiskeli ukutani kwangu, akachukua jembe lake, akarudi kwake kwa miguu.

Matusi yalisemwa na wengine, kwa Kifipa, pale bombani. Kifipa changu kilikuwa kidogo, lakini hakuna aliyehitaji kamusi. Walisema serikali imeshindwa kumzuia mzee kwa maneno, imemtuma bwana shamba aitoe gia baiskeli yake. Nilipofika na ndoo yangu, wanawake wakanyamaza. Sijawahi kunyamaziwa namna ile.

Polikarp ndiye aliyekuwa na furaha. "Ndugu Fanueli," akaniambia kwa sauti ya chini, "iache tu hivyo hivyo. Hujafanya kosa. Mungu mwenyewe ametusaidia."

Nilikaa na neno hilo usiku kucha. Ingekuwa rahisi mno. Ningesema vipuri hakuna, na vipuri kweli havikuwepo, hata sabuni haikuwepo. Mzee angebaki kijijini, ripoti yangu ingependeza. Ulezi ungeliwa na ndege, na kaburi la Kalista lingeota majani. Nikaona kwamba nikifanya hivyo, basi wale wanawake wa bombani watakuwa wamesema kweli.

Siku tatu nilipigana na gurudumu lile. Nilivuta kishikio gia ya kupandia: nzito. Ya kawaida: nzito. Ilikuwa imeganda kwenye ile ya kushukia, na mara moja moja inaachia kabisa. Waya ulikuwa umelegea, hilo hata kipofu angelijua. Nikakaza kiskurubu cha mwisho wa kijinyororo mpaka uzi wake ukaisha, waya ukabaki umelegea. Nikatoa gurudumu, nikalirudisha, nikatoa tena. Nikabadilisha washa. Nikapaka mafuta. Siku ya nne nikapanda lori mpaka Sumbawanga kwa fundi Urbano, ambaye alinisikiliza huku akiendelea kunyoosha spoku za mtu mwingine.

"Waya umevutika," akasema. "Wa gia sina, labda uulize Mbeya. Lete gurudumu nilitoe matumbo, niweke kitovu cha kawaida, mzee aendeshe kama watu."

Kama watu! Kwa kitovu cha kawaida asingevuka hata bonde la kwanza. Nikarudi na lori lilelile, nikakaa juu ya magunia ya mahindi, upepo wa mwezi wa tano unanikata masikio, na kichwani namhesabu kila ndege anayetua Msunga.

Asubuhi yake nikafanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya Jumapili ile. Nikaisukuma baiskeli mpaka mlangoni kwa Mzee Eustace. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, kidevu kimefungwa kitambaa, anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba."

"Mzee, nimeshindwa. Naomba unifundishe. Padre alikuwa anaitengenezaje?"

Aliendelea kupukuchua gunzi lile mpaka likaisha. "Mwaka mzima huu," akasema, "wewe unaniambia. Leo ndiyo umeniuliza."

Akainuka. Kwanza akaniamuru niisimamishe baiskeli kwa magurudumu yake. "Hii si ng'ombe wa kuchinja, unailaza laza." Akaweka kishikio katikati, kwenye gia ya kawaida, akachuchumaa kwa shida upande wa kulia, akanionyesha nati. Ilikuwa na kidirisha, kitundu ambacho nilikuwa nimekipaka mafuta siku tatu bila kujiuliza ni cha nini. "Chungulia. Kile kijiti cha kijinyororo, bega lake linatakiwa lifike hapa, sawasawa na mwisho wa ekseli. Unaliona?"

"Silioni. Limezama ndani."

"Basi waya haulivuti. Na hapa umekaza mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

"Basi kosa haliko hapa." Akausimamia mguu wake mzima, akaanza kuufuata waya kwa kidole gumba, kutoka ekseli, kupanda, kuzunguka kigurudumu cha chini ya siti, akaja na bomba la juu taratibu kama anayekagua ukuta. Akasimama. Palikuwa na pete ya chuma iliyobana bomba, ambayo gamba la nje la waya liliegemea juu yake. Mbele ya pete ile, upana wa vidole vitatu, rangi ya bomba ilikuwa nyeusi na inang'aa, haijawahi kupigwa na jua.

"Pete ilikuwa hapa," akasema. "Ikirudi nyuma, waya unalegea. Nani ameisogeza?"

Nikaona mikono yangu mwenyewe, Jumapili, inaisukuma pete ile kando ipishe mpini wa jembe. Siku tatu nimehangaika na gurudumu, na gurudumu halikuwa na kosa lolote!

"Mimi, Mzee. Nilitaka jembe lako likae vizuri."

Alinitazama. Kisha akacheka, huku ameshika kidevu kwa maumivu, akacheka mpaka machozi. "Mnyakyusa wewe! Nilimwambia kila mtu kwamba umetumwa. Kumbe ni wema!"

Tukairudisha pete kwenye rangi yake, nikaibana kwa bisibisi. Tukachungulia kidirishani mimi na yeye, vichwa vimegusana, na bega la kijiti lilikuwa pale pale linapotakiwa. Akanipa sheria ya mwisho ya padre: gia ya kawaida inaimba, ya kushukia inaimba, lakini ya kupandia hainong'oni hata kidogo. Ikinyamaza, ndiyo imeshika.

"Kesho twende wote," akasema. "Ikinitupa tena, ikutupe na wewe."

Tulipita mbele ya ofisi ya kijiji jua linachomoza. Polikarp alikuwa mlangoni. Nilimsalimia, nikamwambia nakwenda Msunga kukagua ulezi, aandike hivyo. Hakuandika kitu, ila hakutuzuia. Mzee alikuwa mbele, jembe begani kama zamani, kitovu kinaimba tik-tik-tik. Chini ya kilima nikaona kidole chake kinavuta kishikio.

Ikanyamaza.

Akapanda. Polepole, mgongo umenyooka, miguu inazunguka bila haraka, wala hakuamka kwenye siti. Mimi na baiskeli yangu isiyo na gia tuliachwa kwenye kona ya kwanza, nikashuka, nikasukuma, suruali yangu ya pasi imelowa jasho. Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena kazini.

Nilipofika juu, ndege walikuwa wamekula karibu robo ya shamba. Robo ile ni yangu, naikiri. Ulezi uliobaki ulikuwa umesimama juu ya ntumba zake, mnene, mweusi kwa kuiva, mzuri kuliko wa shamba la pamoja nililolisimamia mimi mwenyewe. Sikuchora picha tena ardhini baada ya siku ile.

Mzee alikuwa hajaenda shambani. Alikuwa amesimama penye mawe yaliyopangwa vizuri, mawe ya mwashi, amevua kofia. Aliniita kwa mkono. Nikaenda nikasimama kando yake, nahema.

"Kalista," akasema, kwa Kiswahili, ili na mimi nisikie. "Siku zote hizi sikuja. Huyu hapa ndiye aliyeiharibu. Na ndiye aliyekuja kuuliza."

Nilikuwa natambulishwa kwa mtu mzima, nami nilikuwa nimelelewa kwa adabu. Nikainamisha kichwa, nikasema, "Shikamoo, mama."

Mzee Eustace akaitikia kwa niaba yake.

"Marahaba, mwanangu."