Mama Sifuri na Namba Timilifu

Ghalani wanamwita Mama Sifuri, na asiyemjua hudhani ni tusi. Mimi mwenyewe, mtoto wa dada yake, niliwahi kuona aibu jina hilo likitajwa mbele ya rafiki zangu, maana sifuri niliyoijua ni ile ya kalamu nyekundu kwenye daftari la mtoto mzembe. Siku hizi mtu akilitaja kwa kejeli namkata kauli palepale.

Mama mdogo ni mpima mizigo. Kwa miaka ishirini na saba amesimama kwenye mlango wa pili wa ghala, kando ya mzani wa chuma wenye uso wa duara na mshale mrefu mwekundu. Magunia yanaingia, yanapimwa, yeye anaandika uzito, yanapita. Ila kabla ya kila mzigo, hata kama wapagazi wamejipanga hadi barabarani na dereva anapiga honi hadi masikio yanauma, huchukua brashi yake fupi iliyovunjika mpini, akafagia jukwaa la mzani, akasubiri mshale utulie, kisha akatamka kwa sauti, "Sifuri!" Hapo ndipo mzigo unapanda. Wapagazi walianza kumwigiza kwa utani, mwishowe wakazoea, na sasa asipotamka hakuna anayeinua gunia.

Mwaka jana zikaja habari kwamba mzani ule utaondolewa, uwekwe wa kompyuta. Msimamizi wa ghala akatangaza kuwa atakayeusimamia lazima awe na cheti cha mafunzo ya awali ya kuandika programu. Kwa nini mpima magunia ajue kuandika programu, hakueleza. Nadhani naye aliambiwa tu. Asiye na cheti angehamishiwa chumba cha nyuma, kisicho na dirisha, kushona magunia yaliyochanika.

"Kushona si aibu," mama mdogo aliniambia. "Lakini wanangu wote wamesomeshwa na ule mlango. Nikitolewa pale kwa sababu ya karatasi, nitaumia."

Mafunzo yenyewe, kwa bahati yake mbaya, nilikuwa nayafundisha mimi.

Tulikutana kila Jumamosi asubuhi katika chumba kilicho juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Kompyuta kumi na mbili za zamani, feni moja inayolia, na harufu ya rangi inayopanda kutoka chini. Wanafunzi wengine wote walikuwa vijana wa kuchapa bila kutazama vidole. Mama mdogo alikaa mstari wa mbele, miwani imefungwa kwa uzi, akitafuta herufi mojamoja kwa kidole kimoja. Darasani aliniita Mwalimu, tena kwa heshima zote, mwanamke aliyenifundisha kufunga vifungo vya shati. Mimi nikavimba. Niseme ukweli, nilikuwa nimejiona nimefika.

Wiki ya nne nilikuwa naeleza jinsi kompyuta inavyojumlisha. Unaipa kitu kama kisanduku, unakipa jina, tuseme "jumla", halafu kila namba unayoitaka unaitia humo. Mama mdogo akanyoosha mkono. "Mwalimu, hicho kisanduku, kabla hatujatia kitu, ndani kina nini?" Nikamjibu. Baada ya dakika kumi akauliza tena. Mara ya tatu uvumilivu ukaniisha.

"Mama, haya mambo yana rika lake," nikasema, darasa zima likisikia. "Unawachelewesha wenzako."

Vijana wakacheka. Yeye akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo, akaivaa tena. "Sawa, Mwalimu," akasema. Nilidhani hatarudi. Jumamosi iliyofuata nilimkuta ngazini, amefika kabla yangu, ananisubiri nifungue mlango. Sikumwomba radhi. Nilisema habari za asubuhi, nikapita.

Jumamosi ya mwisho ilikuwa ya mtihani. Jumatatu yake msimamizi alitaka kuona vyeti, asiye nacho chumba cha nyuma kinamsubiri. Nilichagua zoezi dogo ambalo kila anayeanza hukutana nalo: namba timilifu. Chukua sita. Zinazoigawanya bila kubakiza kitu, ukiiacha yenyewe, ni moja, mbili na tatu. Zijumlishe: unarudi kwenye sita ileile. Namba ya namna hiyo ndiyo timilifu, na ni chache kweli. Kazi yao ilikuwa kuandika programu itakayopita kwenye namba zote kuanzia moja hadi elfu, moja baada ya nyingine, na kuzitaja zilizo timilifu. Mistari minne ya mwanzo niliwaandikia ubaoni ili wasipoteze muda. Iliyobaki wajaze wenyewe, kwa saa mbili.

Baada ya nusu saa mtu wa kwanza akaendesha programu yake. Skrini ikabaki tupu. Wa pili naye, tupu. Wa tatu akasema kompyuta yake mbovu, akahamia nyingine, nayo ikamjibu vilevile. Wakaanza kuchungulia kwa majirani, wakafuta, wakaandika upya. Nikapita nikitikisa kichwa. "Hamkusikiliza," nikawaambia. "Miezi mitatu ya kelele zangu bure." Nilikuwa na uhakika wote ule wa mtu asiyekagua kazi yake.

Mama mdogo naye skrini yake ilikuwa tupu. Niliiona, na moyo ukaniuma, kwa kuwa nilishajua nani atampelekea dada yake, mama yangu, habari. Lakini hakufuta kitu. Aliisukuma kibodi pembeni, akatoa mkobani karatasi za zamani za uzito, akazigeuza upande mweupe, akaanza kuandika kwa penseli. Nusu saa nzima hakugusa kompyuta. Kijana wa nyuma yake akanong'ona kwamba bibi amerudi kupima magunia, wenzake wakaziba midomo. Nikakaribia kumwambia aache.

Yeye akawa wa kwanza kuniita. Hakunyoosha mkono safari hii. Aliniashiria tu kwa kidole, kama alivyokuwa akiniita utotoni nikiwa nimechafua nguo mbele ya wageni. Nikainama.

"Nimejifanya mimi ndiye kompyuta," akasema kwa sauti ya chini kabisa. "Nimefuata mistari kama ilivyo, bila kuruka. Tazama. Mbili imepata moja, sawa. Tatu imepata mbili. Tatu inagawanywa na moja tu, hiyo mbili imeitoa wapi? Nne inastahili tatu, imepata tano. Tano inastahili moja, imepata sita. Ikifika ile sita yenyewe, inapata kumi na mbili."

Nikatazama karatasi. Hesabu zilipangwa safi, kila mzigo na mstari wake.

"Kila namba inabebeshwa mzigo wa zilizotangulia," akaendelea. "Kisanduku kimewekwa sifuri mara moja tu, pale juu kabisa. Kuanzia hapo hakuna anayekifagia." Akaelekeza penseli ubaoni. "Ule mstari ni wa ubaoni, mwanangu."

Nikageuka kutazama ubao, na kosa lilikuwa limekaa wazi, kwa mwandiko wangu mzuri: nimeiweka jumla sifuri nje ya mzunguko, ile mistari inayorudiwa, wakati ilipaswa kuwekwa ndani, upya, kwa kila namba. Wanafunzi wote kumi na mmoja walikuwa wamenakili upumbavu wangu kwa uaminifu mkubwa, na mimi nikawatukana.

"Nenda ukasogeze ule mstari," mama mdogo akaninong'oneza. "Waambie ni mkono umeteleza. Usinitaje."

Niliwaza kufanya hivyo, sitadanganya. Nilifika hadi ubaoni na chaki mkononi. Kisha nikawageukia. "Mistari ya ubaoni ina kosa," nikasema. "Kosa ni langu. Mmepoteza saa nzima kwa ajili yangu, na aliyeliona ni huyu mama, peke yake, kwa penseli." Hakuna aliyecheka. Yule kijana wa nyuma akainamia kibodi yake kana kwamba anatafuta sindano.

Mama mdogo akasogeza mstari mmoja, kwa kidole kimoja, akaendesha. Sita. Ishirini na nane. Mia nne tisini na sita. Akazikagua tatu zote kwa penseli kabla ya kuniambia kwamba amemaliza. Kwenye ishirini na nane akatabasamu. "Mwakani nitakuwa na miaka hiyo mlangoni," akasema. "Wakiniacha."

Cheti chake nilikiandika mwenyewe, na sikumpendelea hata kwa alama moja.

Jumatatu nikaenda ghalani. Nilijiambia nakwenda kuona mzani mpya, lakini nilikuwa na neno nililolibeba tangu wiki ya nne. Nilimkuta mlango wa pili, palepale pake. Mzani wa zamani ulikuwa umeegeshwa ukutani, na huu mpya ulikuwa na kioo kinachowaka na kitufe cha kijani ambacho ukikibonyeza namba zinafutika zenyewe. Wapagazi walikuwa wamejipanga. Mkononi alikuwa na ileile brashi ya mpini uliovunjika.

"Mama mdogo," nikasema, "siku ile nilipokuambia mambo ya rika, mbele ya watu..." Nikasogea kumpisha mpagazi, nikaendelea. "Nilikukosea sana. Tena ulikuwa unauliza swali sahihi, mara tatu, na mimi ndiye niliyekuwa sielewi."

Gunia lililokuwa mzanini likateremshwa. Akainama, akafagia jukwaa taratibu, kona kwa kona, akabonyeza kitufe cha kijani, akasubiri. Kisha akainua uso akanitazama mimi, si kioo, akatabasamu.

"Sifuri," akasema.

Akaita mzigo unaofuata.