Harambee ya Kesi ya Natasha

Sisi watu wa Bondeni hatuna shida na uongo, bora uwe unaeleweka. Uliotushinda ni ukweli wa Natasha, binti wa jirani yangu Milcah anayeuza ndizi sokoni. Likizo ya Agosti ilipoanza, msichana huyo alikuja nyumbani akasema amepata kazi kwa wakili, na kwamba wakili ndiye atakayemlipa.

Wakili akulipe wewe? Hapa kwetu watu wameuza shamba, ng'ombe, hata mabati ya jikoni ili walipe mawakili. Hakuna aliyewahi kuona pesa zikitoka upande ule mwingine.

Natasha alieleza mpaka mate yakamkauka. Yuko kidato cha tatu na tangu utotoni anapenda sheria. Wadogo zake wakivunja kikombe, yeye ndiye huwatetea. Wakili Chepkemboi huchukua mwanafunzi mmoja kila likizo ajifunze kazi: kupanga mafaili, kupokea wateja, kumbebea vitabu kortini. Wengi waliomba, akachaguliwa yeye. Sasa alitaka kitu kimoja tu, mamake aamini. Milcah alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamuuliza polepole, "Natasha, umefanya nini?"

Wiki hiyo hiyo Joyline, anayeuza mayai ya kuchemsha nje ya korti, alitujia mbio. Alikuwa amemwona Natasha akiingia mle ndani nyuma ya wakili, kichwa chini.

"Ameinama kwa sababu amebeba mafaili," nikamwambia.

"Na hayo mafaili yote ni ya nani? Hiyo kesi ni kubwa, mathe."

Kufikia jioni ilikuwa imeamuliwa kwamba Natasha amechoma bweni. Niliwakumbusha kwamba shule yake ni ya kutwa, haina bweni hata moja. Mzee Ooko, mzee wa kanisa letu, alinitazama kwa huruma.

"Sasa litakuwepo aje na limechomwa?"

Niliwaka, lakini hasira ya mtu mmoja haizuii harambee. Kamati ya kuchanga pesa za kesi iliundwa. Kwaya ikaanza mazoezi. Kila asubuhi Natasha akitoka kwenda kazini, watu walimshika mkono mlangoni na kumnong'oneza, "Usiogope. Sema hukuwa peke yako." Kadiri alivyokana ndivyo walivyomsifu wakili wake kwa kumfundisha vizuri. Jioni alikuwa akirudi analia kwa uchungu, na mimi nilimwonea huruma kweli.

Mwishowe alimwomba Wakili Chepkemboi mwenyewe aje kanisani siku ya harambee aseme ukweli. Nikajua mambo yamekwisha. Kumbe sijui watu wangu! Mgeni wetu hata hajaketi, minong'ono ikaanza: wakili mzima kuja mpaka Bondeni, hii kesi imefika kubaya.

Akapewa kipaza sauti. "Natasha hana kesi," akasema.

Kanisa lililipuka. Vigelegele, ngoma, Joyline chini sakafuni akimshukuru Mungu kwa miguu yote miwili. Chepkemboi akapaza sauti, "Hajawahi kuwa nayo! Ni mfanyakazi wangu! Na mshahara wake nampa hapa hapa, mbele yenu." Akatoa bahasha, akamkabidhi.

"Na wamemlipa fidia!" Mzee Ooko akapiga kelele, na kwaya ikaanza upya.

Huyo ni mwanamke anayebishana na majaji. Aliketi, akaletewa soda, akainywa.

Natasha alipenya katikati ya watu waliokuwa wakicheza, bahasha mkononi, machozi yakimtiririka, mpaka akamfikia mamake.

"Mum, hata wewe? Hata wewe huniamini?"

Milcah alimvuta kifuani, akamshika kama mtoto mchanga. "Sikiza, mama. Hata wangekufunga, mimi ningekuja kukuona kila wakati wakikubali. Nilishaenda pale jela nikauliza siku za wageni. Nikauliza kama wanaruhusu chapati."

Hapo mimi mwenyewe nilishindwa, nikalia.

"Lakini Mum," Natasha akasema, "mimi nilikuwa kazini."

"Ndiyo," Milcah akajibu, akimfuta machozi kwa leso yake. "Hivyo hivyo. Mtu akikuuliza tena, sema hivyo hivyo."