Zimbwenomiksi Yangu ya Ukwaju

Shule niliiacha wazazi walipofariki, nikabaki na wadogo zangu wanne na meza ya juisi hapa Mlingotini. Kwa hiyo katibu wa kampeni aliponipa kazi ya vinywaji kwenye mkutano wa mgombea wetu, Mheshimiwa Zimbwe, nilishika kila neno lake.

"Ukifanya vizuri, dada, mikutano yote mpaka Saadani ni yako. Kesho mheshimiwa anawaletea wananchi Zimbwenomiksi."

Sikutaka kuonekana mshamba. Miksi naijua, ni juisi ya matunda yaliyochanganywa. Hii yenye jina la mheshimiwa ndiyo sikuwahi kuisikia, nikaamua kuibuni mwenyewe. Wadogo zangu walipoionja, walilamba vikombe.

Kesho yake mheshimiwa akapanda jukwaani. "Zimbwenomiksi ndiyo itakayowatoa kwenye umaskini!" Watu wakapiga makofi, na mimi nikavimba kichwa nyuma ya madumu yangu.

"Nani anaweza kutueleza Zimbwenomiksi ni nini?" mheshimiwa akauliza.

Nikanyoosha mkono, nikapewa kipaza sauti.

"Shikamoo, mheshimiwa. Ni ukwaju, nanasi, tangawizi na tende. Asubuhi ni tamu sana, ila ikifika jioni inachacha."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Katibu akaninyang'anya kipaza sauti, akasahau kukizima.

"Dada, ile ni sera ya uchumi! Saadani huji!"

Bibi mmoja wa mstari wa mbele akamjibu, "Mwache binti wa watu. Hiyo yake angalau tutainywa leo."