Mkono Juu ya Gurudumu

Harufu ya utomvu wa ndizi mbichi ikichanganyika na grisi hunichosha hata leo. Juzi nilipita nyuma ya pikapu iliyojaa mikungu sokoni Kisii. Nilisimama kando ya barabara nikamkumbuka Tata. Ndivyo tulivyomwita baba yetu kule Kiogoro.

Tata alikuwa na pikapu kuukuu ya kubeba tani moja, na tani moja haikumtosha mtu. Shida ilikuwa Ijumaa. Sisi ni Waadventista, na jua likizama siku hiyo hatusafirishi kitu hadi Jumamosi jioni. Basi kila jirani mwenye ndizi zilizokomaa alizileta Ijumaa mchana, akiomba, "Huu mmoja tu." Tata hakujua kukataa. Aliyejua ni Mama. Kabla ya safari alipitisha kiganja chake kati ya gurudumu la nyuma na bodi, iliyoshuka kadiri mzigo ulivyozidi. Kikipita, gari liliondoka. Kikikwama, mikungu ilishushwa, hata ile ya mzee wa kanisa.

Majirani walinuna. Tata alichoka kusuluhisha, akaipeleka pikapu kwa fundi wa Nyakoe, akaongezewa vyuma viwili vya springi kila upande. Nilikuwa na miaka tisa, nilikwenda naye. Fundi alipangusa mikono akasema, "Baba Kemunto, hapa nimeongeza springi tu. Ekseli ni ile ile, breki ni zile zile. Usifanye hii gari lori." Tata aliitikia, ila nadhani alisikia maneno ya mwanzo peke yake.

Pikapu ilirudi nyumbani imebinua makalio kama kuku aliyeshtuliwa. Tulicheka sana.

Ijumaa iliyofuata walipakia hadi mikungu ikapita paa. Mama alikuwa kitandani na malaria, akaniita. "Kemunto, nenda uweke mkono." Nilikwenda kwa madaha. Kiganja kilipita, na mkono ukafuata hadi kiwiko. Nikapaza sauti, "Umepita!" Majirani walinipigia makofi, Tata akawasha gari.

Kwenye mteremko wa kuingia mjini, ekseli ilikatika. Gurudumu lilitangulia peke yake, pikapu ikalala ubavu mtaroni, Tata akiwa ndani. Mwendesha bodaboda alituletea habari, nikakimbia na majirani hadi pale. Tulimkuta ameketi katikati ya ndizi, shati limechanika. Jua lilikuwa linazama. Majirani wale wale walisimama mikono nyuma, Sabato imeingia, na hakuna aliyeokota hata ndizi moja.

Nililia nikisema mimi ndiye niliyepima. Tata alinyanyuka polepole, akasimama wima, akajipangusa suruali. "Mkono wako haukukosea, mama. Mimi niko sawa."

Nilimwamini, kwa sababu alisimama wima. Pikapu haikupona. Tangu Jumatatu iliyofuata alibeba mikungu mgongoni hadi barabarani, miaka na miaka, na kila nilipomuuliza alinyoosha mabega na kusema yuko sawa. Sikumdadisi zaidi. Hilo linaniuma hadi sasa.

Mwaka jana, Tata akiwa amelazwa hospitalini, daktari alituonyesha picha ya uti wake wa mgongo. Pingili mbili zilikuwa zimevunjika zamani na kujiunga vibaya. Aliuliza mzee alianguka lini. Tata aligeukia dirisha. Mimi nilijua ni siku gani.

Springi zile hazikupunguza uzito hata kidogo. Zilituondolea tu mahali pa kuuona. Naye Tata alifanya vivyo hivyo kwa mgongo wake, ili mtoto wa miaka tisa asibebe lawama ya ekseli.

Daktari alipotoka, nilisogea kitandani nikajaribu kupitisha kiganja kati ya mgongo wake na godoro. Hakikupita.