Waya Chini ya Zulia la Mwalimu

Wanafunzi walimbandika jina la Mwalimu Ukinzani, kwa sababu alifundisha fizikia na kwa sababu hakuwa mtu wa kubishiwa. Miaka kumi na tisa alisimama mbele ya ubao na betri zake, balbu ndogo na nyaya za shaba, akieleza jambo lilelile mpaka liingie hata kwenye kichwa kigumu: mkondo wa umeme ukilazimishwa kupita kwenye waya mwembamba, waya huzaa joto. Mkondo ukiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne. "Mara nne, jamani, si mbili!" alikuwa akisema, huku akigonga meza.

Kumbe sebuleni kwake palikuwa na soketi moja tu iliyokuwa nzima. Mwaka yeye na mumewe walipohamia alinunua waya wa ekstensheni, mwembamba kama kamba ya kiatu, akaupitisha chini ya zulia. Mwanzo ulikuwa wa redio tu. Baadaye ikaja friji, likaja birika la umeme, ikaja na pasi. Alijua fika kwamba vyombo vilivyoungwa sambamba kila kimoja huvuta mkondo wake, na mikondo yote hujumlishana kwenye waya uleule. Alijua, ila kila wiki fundi alikuwa wa wiki ijayo.

Aliyeanza kuhisi ni mama mkwe wake, aliyekuwa akiishi nao tangu awe mjane.

"Mwanangu, hapa chini pana joto. Nikikanyaga nalisikia unyayoni."

"Ni jua la dirishani hilo, mama," mwalimu akajibu bila kuinua macho kwenye madaftari. "Mambo ya umeme niachie mimi."

Bibi hakurudia tena.

Jumamosi moja asubuhi mwalimu alikwenda sokoni. Friji inanguruma, birika linachemka, bibi anapiga pasi sare za wajukuu. Mara zulia likafuka moshi, kisha likashika moto. Bibi hakuwa amesoma, lakini akili hakuazima kwa mtu: maji hakumwaga. Aling'oa plagi ukutani, plastiki iliyoyeyuka ikamganda viganjani, kisha akatupia blanketi zito juu ya moto na kuliburura zulia hadi nje.

Mwalimu aliporudi alikuta majirani wamejaa mlangoni, na fundi umeme, aliyeitwa na mume wa mwalimu, amechuchumaa na kipande cha waya kilichogeuka mkaa.

"Nani aliunga mambo haya?" fundi akauliza. "Fyuzi kubwa, waya mdogo. Waya unaungua, fyuzi inatazama tu, haikati umeme. Huyu mtu hata mlango wa shule haujui!"

Mume akainua macho darini. Mwalimu akaukodolea macho waya ule.

"Ni mimi," bibi akasema kutoka kitini, mikono imefungwa bendeji. "Uzee, baba. Nisameheni."

"Bibi, wewe na umeme wapi na wapi!" Majirani wakacheka. Naye mwalimu, na hili ndilo lililomla moyo kwa miezi, akauacha uongo upite. Alisimama na kapu lake la nyanya, akitamani ardhi ipasuke immeze.

Jumatatu somo lilikuwa joto la nyaya. Aliikatiza sentensi katikati. Akawapa wanafunzi zoezi, akakaa akiwapa mgongo.

Siku ya nne baada ya moto, akimnywesha bibi chai, alishindwa kuvumilia. "Mama, kwa nini ulijitwika kosa langu?"

"Niliuona uso wako."

"Lakini ulinionya."

"Nilikuonya mara moja. Ya pili niliogopa. Wewe ndiye msomi."

Mwalimu akakiweka kikombe mezani.

Wiki iliyofuata fundi alirudi kutandaza nyaya mpya, nene. Majirani wawili walikuwa wamesimama mlangoni. Mwalimu akasema kwa sauti, wote wasikie: "Fundi, ule waya niliuweka mimi. Mama alinionya, sikumsikiliza."

Fundi akaacha koleo. Jirani mmoja akajifanya kukohoa. "Binti yangu yuko darasani kwako, mwalimu," fundi akasema taratibu, kisha akaendelea na kazi. Hakuongeza neno, na mwalimu aliona afadhali angetukanwa.

Viganja vya bibi vilipona, ila kidole cha mwisho cha mkono wa kulia hakikunyooka tena. Kila bibi apokeapo sahani, mwalimu hutazama pembeni.